Kibali cha Kuegesha Siku ya Mechi

Juma hili nazungumzia magari. Timu kubwa ikija Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hapa Tabora, mitaa ya jirani hujaa magari ya wageni. Sisi wa Mtendeni twapenda mpira, lakini mjamzito akishikwa na uchungu saa kumi alasiri, teksi ya kumpeleka Hospitali ya Kitete itapita wapi?

Jijini London wana Wembley, uwanja wa watu 90,000 uliofunguliwa mwaka 2007. Halmashauri ya Brent huwapa wakazi vibali. Siku ya mechi, mgeni akiegesha mtaani bila kibali hutozwa faini. Kibali hakimpi mkazi nafasi maalumu mbele ya nyumba yake, wengi hukosea hapo. Humzuia mgeni tu.

Lakini Wembley ina treni. Mgeni wetu tukimfukuza mtaani, aende wapi? Hata wapagazi wa misafara walipofika Unyanyembe walikuwa na mahali pa kutua mizigo. Basi kitangulie kiwanja cha kuegesha, chenye mlinzi, ndipo vichapishwe vibali. Ama njia ya gari la wagonjwa, hiyo izungushiwe kamba tangu asubuhi.