Si Kila Jino Linalolegea ni la Kung'oa

Mtoto wa miaka sita akisema jino linacheza, hakuna mzazi anayeshtuka. Umri wake ndio huo. Lakini yanayong'oka katika umri huo ni meno ya mbele. Magego ya utotoni hungoja hadi miaka tisa, kumi au zaidi. Gego likilegea kabla ya hapo, ufizi ukatuna na shavu likajaa bila dalili ya jino bovu, huenda ni saratani ya Burkitt. Kwa bahati mbaya, wengi hung'olewa jino na kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, wengine huchanjwa chale, na uvimbe hausubiri. Chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Ni saratani chache mno zinazokwenda kwa kasi hiyo.

Ugonjwa huu ulitambuliwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Jipu haliendi hivyo. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamkuta mwingine mwenye uso ule ule. Akapekua mafaili, akachapisha makala mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakafunga safari kwa gari hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Walibaini kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua, na nyanda za juu zenye baridi ziliepuka. Hayo ndiyo maeneo ya malaria.

Mwaka 1964 jijini London, Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Karibu kila mtu anacho kirusi hicho, nacho huambukizwa kwa mate. Malaria ya mara kwa mara utotoni ndiyo huipa saratani hii nafasi, kwa kuvuruga kinga ya mwili.

Ninachokiheshimu zaidi kwa Burkitt ni kwamba, mpasuaji kama alivyokuwa, aliona kisu hakifai akageukia dawa. Uvimbe uliokuwa umefunika jicho uliweza kunywea ndani ya siku chache. Leo, katika nchi tajiri, watoto wengi sana wenye ugonjwa huu hupona. Kwetu bado tunawazika wengi mno, na sababu kubwa ni kuchelewa: nauli, rufaa inayokawia, na matibabu yanayokatishwa nusu njia.

Kwa hiyo mzazi, na wewe mhudumu wa zahanati: mtoto mwenye magego yaliyolegea mapema au taya linalovimba apelekwe hospitali ya rufaa, achukuliwe kinyama kikapimwe. Apelekwe wiki hii hii, si baada ya mavuno.