Mwenyeji Ni Nani? Viza, Kinga na Mkataba: Mfano wa Butembo na Beni

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo huchukulia kwamba mwenyeji ndiye mwenye mlango: ndiye aufunguaye, na ndiye aufungaye. Katika sheria ya mashirika ya kimataifa, hata hivyo, nchi mwenyeji hufungua mlango kwa mkataba, na ikiisha kutia sahihi hairuhusiwi kuufunga kwa hiari yake peke yake. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo kwa kuzingatia matukio ya mwaka 2022 huko Butembo na Beni, na yanaonyesha jinsi neno mwenyeji lenyewe linavyochangia kutoelewana.

2. Wajibu wa nchi mwenyeji

Viza ni idhini ambayo dola humpa mgeni aingie katika ardhi yake. Kwa msafiri wa kawaida idhini hiyo ni hisani. Kwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa sivyo. Mkataba wa Haki na Kinga za Umoja huo, wa tarehe 13 Februari 1946, unawaondolea watumishi vizuizi vya uhamiaji. Na pale viza inapohitajika kwa mwenye hati ya safari ya Umoja, unataka ombi lake lishughulikiwe upesi iwezekanavyo. Vikosi vya amani huwekewa mkataba wa pekee. Ule wa Kongo ulitiwa sahihi tarehe 4 Mei 2000, wakati ujumbe ulipoitwa MONUC. Tangu Julai 2010 unaitwa MONUSCO. Kwa utaratibu wa mikataba ya namna hiyo, askari huvuka mpaka bila pasipoti wala viza, akiwa na kitambulisho na amri ya safari.

Sababu yake ni wazi. Dola likiweza kuchagua nani aingie, litaweza pia kuchagua nini kisemwe. Mwaka 1988 Marekani ilimnyima viza Yasser Arafat aliyetaka kuhutubia Baraza Kuu mjini New York. Baraza likahamia Geneva mwezi Desemba ili limsikilize.

3. Matukio ya 2022

Tarehe 25 Julai 2022 maandamano dhidi ya MONUSCO yalianza Goma, kisha yakafika Butembo na Beni. Waandamanaji walidai kwamba ujumbe uliokaa nchini zaidi ya miaka 20 ulikuwa umeshindwa kuwalinda raia. Tarehe 26 Julai, mjini Butembo, askari mmoja wa Moroko na polisi wawili wa India waliuawa. Raia nao waliuawa. Tarehe 31 Julai askari wa ujumbe waliokuwa wakirejea kutoka likizo walifyatua risasi katika kituo cha mpaka cha Kasindi, wilaya ya Beni. Watu wawili walikufa na 15 wakajeruhiwa. Watuhumiwa walikamatwa, na nchi yao ikaarifiwa, kwa kuwa ndiyo yenye mamlaka ya kuwahukumu.

Siku chache baadaye ilijulikana kwamba serikali ilikuwa imetaka msemaji wa ujumbe, Mathias Gillmann, aondoke nchini. Alikuwa amesema hadharani kwamba MONUSCO haikuwa na uwezo wa kijeshi wa kuikabili M23. Umoja wa Mataifa ulisikitikia hatua hiyo.

Je, serikali ilikuwa na haki? Mkataba wa Vienna wa 1961 unairuhusu nchi kumkataa balozi au mwanadiplomasia bila kutoa sababu. Umoja wa Mataifa hushikilia kwamba kanuni hiyo haiwahusu watumishi wake. Ulisema hivyo Ethiopia ilipowafukuza maofisa wake 7 mwezi Septemba 2021. Njia inayokubaliwa ni kumpelekea malalamiko Katibu Mkuu, ambaye aweza kumwondolea mtumishi kinga. Lakini mtumishi asiyetakiwa na serikali hawezi kufanya kazi, hata sheria ikiwa upande wake.

4. Utata wa neno

Katika Kiswahili, mwenyeji ni mzaliwa au mkazi wa mahali. Tena ni yule ampokeaye mgeni. Mkataba unakusudia maana ya pili tu, yaani dola lililotia sahihi. Mkazi wa Butembo anaposema, “Sisi ndio wenyeji, nasi tunawataka waondoke,” anatumia maana zote mbili kwa pamoja, na kwa lugha yake hakukosea. Hata Kifaransa hakikusalimika: neno hôte humtaja mwenye nyumba na mgeni pia.

5. Hitimisho

Yafaa wafasiri na watangazaji waseme dola pokezi pale linapokusudiwa dola, na kumwachia mkazi jina la mwenyeji. Aidha, kuruhusiwa kuvuka bila viza kusielezwe kana kwamba ni kuruhusiwa kutohukumiwa. Istilahi peke yake haizuii risasi. Hata hivyo, waliofiwa Kasindi wana haki ya kujua, kwa lugha wanayoielewa, ni nani aliyeufungua mlango ule na ni nani wa kumpelekea madai yao.