Keja ya Magurudumu, Macho Nyuma Kwanza

Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke, ndai inachomoka Miritini inatokea Kibundani bila kuona feri, na wikendi pale Ukunda unaziona zikipita: HiAce za kulala, kitanda nyuma, sola juu ya paa, bodi ya kaiti imefungwa kamba. Zimeweza. Shida ni moja tu, dere haoni nyuma.

Hiyo si ngori ndogo. Kitanda kimeziba kioo cha nyuma, kuna pazia, kuna mitungi ya maji. Kioo cha kati kinakuonyesha blanketi. Halafu unaingia zile vichochoro za kushuka bichi Diani, ukuta huku, ukuta huku, unapatana na tuktuk uso kwa uso, inabidi upige rivasi. Nyuma kuna watoi wametoka madrasa, kuna mama na madafu yake. Mbega wa Diani wamewekewa madaraja ya kamba juu ya barabara ndio wasigongwe. Mtoi wa miaka minne hana daraja, mwanangu. Anategemea wewe umuone.

Sasa wengi wakishika ganji wanakimbilia skrini ya inchi kumi na kuacha kamera ileile ya zamani iliyokuja na gari kutoka Japani. Skrini inang'aa, picha ni ukungu. Form ni kuanza nyuma: kamera ya AHD (mfumo wa picha kali), 720 ama 1080, halafu skrini inayosoma AHD. Skrini za kitambo zinasoma mfumo wa zamani wa CVBS pekee, ukiziunga na kamera mpya unapata giza ama mistari inayocheza. Volti pia uliza mapema. HiAce ni 12, malori na mabasi mengi ni 24, na kamera ya 12 ikipewa 24 inaweza kuungua.

Lakini adui mwenyewe huku Sauzi Kosti ni chumvi. Kusi ikivuma, chumvi inapenya kila mahali, shaba ya waya inageuka kijani, picha inaanza kukatika, na msee analaumu kamera. Ile alama ya IP69K inamaanisha vumbi haliingii na maji ya presha hayaingii. Chumvi haikupimwa hapo. Tena inalinda kamera yenyewe, si jointi iliyoning'inia nyuma ya bampa. Mwambie fundi alehemu jointi, aivalishe mpira wa kujibana kwa moto, aiweke ndani ya bodi, waya ufungwe usitingike, maana njia za murram za kushukia bahari Msambweni zinalegeza kila kitu. Lenzi ioshe na maji baridi ya kunywa kabla ya kufuta. Chumvi kavu inakwaruza.

Ukilala Tiwi, kamera hiyohiyo inakuonyesha nani yuko nje bila kufungua mlango. Ipe moto kutoka betri ya sola, na fyuzi na swichi yake. Ukiivuta kwa betri ya injini usiku kucha, asubuhi utasukuma ndai kwa mchanga.

Kama doo inatosha kitu kimoja mwezi huu, chukua kamera poa na waya poa. Skrini ya inchi saba inatosha kabisa. Na kwa kichochoro chenye watoi, tuma beshte ashuke asimame nyuma kwanza, kwa sababu kamera ya nyuma haioni chini ya gari.