Uvimbe, Saratani na Weupe wa Mboni

Mfasiri anayeandaa maelezo ya afya kwa wazazi wa Ruanda, mkoani Songwe, hukabiliwa mapema na neno uvimbe. Kope yenye chokea imevimba, jicho lililopigwa ngumi limevimba, na jicho lenye saratani nalo husemwa limevimba. Yafaa basi neno hilo libakie la jumla, na pale ugonjwa unapothibitishwa iandikwe wazi: uvimbe wa saratani au uvimbe usio wa saratani.

Saratani na kansa si maradhi mawili, kama wanafunzi wengine wanavyodhani. La kwanza limetoka Kiarabu, la pili limepitia Kiingereza kutoka Kilatini, na asili ya yote mawili ni kaa, yule mnyama wa pwani. Jina la Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996, linaonyesha neno lililokubalika katika maandishi rasmi.

Tatizo kubwa zaidi limo katika retinoblastoma, yaani saratani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Dalili yake ni weupe ndani ya mboni, ambao pengine huonekana kwanza pichani kwa taa ya kamera. Nyingine ni makengeza. Weupe huo aghalabu huitwa mtoto wa jicho, na mzazi hutulia. Mtoto wa jicho wa mzee huweza kungoja. Weupe katika mboni ya mtoto haungoji, uwe saratani au usiwe. Kwa hiyo dalili itajwe kama dalili: weupe wa mboni.

Daktari hupanua mboni kwa dawa ya matone, huchunguza retina, mara nyingi mtoto akiwa amelazwa kwa nusukaputi, na hupima kwa mawimbi ya sauti. Hapa hakati kinyama cha kupima kabla ya tiba, kwa kuchelea kusambaza saratani. Sentensi ya kawaida ya vijitabu vya saratani isinakiliwe.

Uvimbe mdogo huunguzwa kwa leza au hugandishwa kwa baridi kali, pamoja na dawa za kuua seli za saratani. Ukiwa mkubwa, jicho huondolewa ili kuokoa uhai. Wako wanaoandika "kung'oa jicho". Neno hilo ni la visiki na meno, nalo laweza kumkimbiza mzazi hospitalini. Iandikwe kuondoa jicho, na papo hapo litajwe jicho la bandia litakalowekwa baadaye. Kwa kuwa ugonjwa huu huweza kurithiwa, ndugu wa mtoto nao huchunguzwa macho.