Ndege Aliyepotea ni Amana Yenye Roho

Katika miji yetu ya pwani, ambako nyumba zimeshikana na barazani hapakosi watu, hutokea ndege wa kigeni akatua dirishani, amechoka, wala hamkimbii mtu, na kichwani amesimamisha kishungi. Watoto humdhani kasuku mdogo, nao hawako mbali na ukweli. Huyo ni kokatieli, ndege wa jamii ya kasuku ambaye asili yake ni Australia. Urefu wake, pamoja na mkia, hukaribia sentimita 30, na uzito wake huwa baina ya gramu 80 na 100. Wengi wao ni wa kijivu, wenye doa la rangi ya chungwa katika kila shavu. Wengine ni wa manjano au weupe, kwa namna walivyochaguliwa na wafugaji kizazi baada ya kizazi.

Familia zinazomwokota ndege huyu hutujia na swali moja: tumfanyeje? Jibu letu lina pande mbili. Iko haki ya mwenyewe aliyempoteza, na iko haki ya ndege mwenyewe. Anayeishika moja akaiacha ya pili hajaitimiza amana.

Tuanze na dhana moja inayowapita wengi kwa nia njema. Baadhi ya watu humrusha ndege huyo hewani, wakiamini kuwa wamemwacha huru na kwamba watapata thawabu. Ndege aliyezaliwa tunduni hajui kujitafutia chakula, hajui maji yaliko, wala hamjui adui. Nje wanamngoja paka, mwewe na kunguru hawa waliojaa mijini mwetu, ambao hawaachi kidege wala kifaranga. Kumrusha ni kumwangamiza, tena ni kuiangamiza mali ya mwenzio. Mchukueni, mumhifadhi.

Kuhusu haki ya mwenyewe, wanavyuoni wameweka mlango mzima wa fiqhi unaoitwa luqata, yaani kilichookotwa. Katika upokezi wa Zayd bin Khalid al-Juhani, Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya mali iliyookotwa, alimwamrisha muulizaji azijue alama zake, chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha aitangaze mwaka mmoja. Hekima ya alama hizo yatufaa hata kwa ndege. Mtazameni miguu. Ikiwa ana pete yenye herufi na nambari, ziandikeni mahali na msimwambie mtu. Tazameni pia kidole kilichopungua, nyoya lenye rangi ya peke yake, au wimbo anaoupiga mluzi. Kisha tangazeni kwamba ameonekana kokatieli, mseme ni mtaa gani na siku gani, na mengine myaweke kifuani. Atakayekuja kumdai na azitaje yeye alama hizo. Mkisambaza picha katika makundi ya simu ya mtaa, pete isionekane, msije mkawafungulia mlango waongo.

Tangazeni sokoni, madukani pauzwapo chakula cha ndege, kwa daktari wa mifugo, na kwenye milango ya misikiti baada ya Swala. Si ndani ya msikiti, kwani kutangaza vilivyopotea humo kumekatazwa. Katika muda huo ndege si wa kuuzwa, si wa kumzawadia shangazi, wala si wa kukatwa manyoya ya mbawa ili asiruke. Mkono wenu juu yake ni mkono wa mlinzi.

Hapa pana jambo la sheria ya nchi pia. Kokatieli si mnyamapori wa Kenya. Lakini ikiwa aliyeokotwa ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, huyo ni wa Afrika na analindwa. Habari zake zipelekwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wala asifugwe bila kibali.

Sasa haki ya ndege. Siku ya kwanza anahitaji utulivu kuliko kitu chochote. Mwekeni katika tundu, au katika boksi lenye matundu ya hewa, mahali penye joto la wastani, mbali na paka na kelele. Mpeni maji safi katika chombo kifupi, na mbegu. Mawele, ulezi na mtama vyapatikana katika kila soko letu, na yeye huvipenda. Alizeti apewe kidogo tu, kwa kuwa ina mafuta mengi. Akishazoea, ongezeni sukuma wiki iliyooshwa vizuri, karoti iliyokwaruzwa, mahindi ya kuchemsha au wali usio na chumvi. Ndege mdogo hastahimili njaa, basi angalieni kama kweli anakula, au anamenya maganda na kuyatupa. Kwa chokaa ya mifupa yake, bahari imetukirimu: ule mfupa mweupe mwepesi wa dome unaotupwa ufuoni, uosheni, uchemsheni, uanikeni juani, kisha uning'inizeni ndani ya tundu.

Viko vyakula vinavyomuua. Parachichi ni sumu kwake, hata kipande kidogo. Chokoleti, kahawa, chai, vitunguu na vyakula vya chumvi nyingi asipewe. Wala asilishwe kilichotafunwa kinywani mwa mtu, kwa kuwa mate yetu yana vijidudu vinavyomdhuru.

Enyi mama wa nyumba, lililo muhimu zaidi kwenu ni hewa. Mapafu ya ndege yameunganishwa na vifuko vya hewa mwilini mwake, na kila anachovuta humwingia kwa nguvu kuliko kinavyotuingia sisi. Chetezo cha udi na ubani, ambacho ni pambo la nyumba zetu siku ya Ijumaa, kwake ni dhara. Kadhalika dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza, jiko la makaa, na moshi wa sigara. Kikaango cha aina isiyogandisha chakula kikiachwa motoni kikapata moto kupita kiasi, hutoa hewa ambayo haina harufu ya kumshtua mtu, na ndege aliye karibu hufa kwa muda mfupi. Basi tundu lisikae jikoni, na siku ya kufukiza ndege ahamishiwe chumba kingine, madirisha yakiwa wazi.

Kabla ya kumtoa tunduni, zimeni panka la darini, fungeni milango, funikeni ndoo za maji, na vuteni mapazia ili asijipige kwenye kioo. Tundu lenyewe liwe pana kiasi cha kukunjua mbawa zote mbili, na nafasi baina ya nyaya isizidi sentimita 1.5. Vijiti vya kutulia viwe vya unene mbalimbali. Tawi la mpera lafaa sana. Usiku anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 12, basi baada ya Isha funikeni tundu upande mmoja na mwacheni. Taa hafifu isikosekane, kwani ndege hawa hushtuka gizani na kujipigapiga hadi kujeruhiwa.

Kishungi ni ulimi wake. Kikisimama wima, ameshtuka au anachunguza jambo. Kikilala bapa huku akitoa sauti kama ya nyoka, amekasirika au anaogopa, na mkono urudi nyuma. Akivimbisha manyoya mchana kutwa, akikaa chini ya tundu, au mkia ukipanda na kushuka kila anapopumua, huo ni ugonjwa. Pelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Ndege wa jamii ya kasuku waweza kumwambukiza mtu homa inayoshika mapafu. Kwa hiyo osheni mikono, msimbusu, mtengeni na kuku na njiwa wenu kwa siku 30, na kazi ya kusafisha tundu asipewe mjamzito wala mwenye pumu.

Limebaki la watoto. Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, alikuwa na kidege chake, na kilipokufa Mtume (s.a.w.) alimliwaza kwa utani wa upole. Mapenzi ya mtoto kwa ndege si jambo la kudharauliwa. Kwa sababu hiyo mtoto aambiwe tangu siku ya kwanza kuwa mgeni huyu ana mwenyewe, na huenda mwenyewe akabisha hodi mwezi ujao. Siku hiyo ikifika, mtoto na amkabidhi ndege kwa mikono yake. Atalia, naye aachwe alie. Na mwaka ukipita pasije mtu, ndege akabaki kwenu, jueni kuwa kokatieli aliyetunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20, na hata baada ya mwaka huo mwenyewe akitokea na alama zake, haki yake haijafutika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa vikubwa na vidogo tunavyoaminiwa. Amin.