Kuandika bila herufi: funzo la bakteria mwenye njaa

Sisi wa lugha tunadhani maneno kunakili, kusoma na kutafsiri ni mali yetu. Wenzetu wa biolojia wanayatumia kila siku wakieleza jinsi seli inavyotengeneza protini. Kwa muda mrefu niliona huo ni mfano tu wa kupamba maelezo. Habari ya bakteria aitwaye Calothrix ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, na kwa kawaida aina zake ni 20. Tuziite herufi. Kati ya hizo, mbili tu zina salfa ndani yake: sisteini na methionini. Salfa ikipungua majini, herufi hizo mbili zinakuwa ghali. Kiumbe kinaweza kupunguza uandishi au kuvunja protini za zamani ili kupata salfa. Calothrix ana njia nyingine zaidi.

Bakteria huyu anaishi kwa mwanga wa jua, na anaunasa kwa protini zenye rangi, mojawapo ikiwa fikosianini. Mwaka 1989 Didier Mazel na Philippe Marlière, watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walionyesha kwamba Calothrix ana matoleo zaidi ya moja ya fikosianini katika jeni zake. Salfa ikikosekana, anafunga toleo la kawaida na kufungua jingine. Toleo hilo la njaa linafanya kazi ileile, lakini sisteini na methionini zimeondolewa karibu zote. Sisteini zilizobaki ni zile zinazoshikilia chembe za rangi: bila hizo, protini hainasi mwanga.

Kwa nini kubana matumizi hapo? Kwa sababu protini za kunasa mwanga ni nyingi mno. Zinaweza kufikia karibu nusu ya protini zinazoyeyuka katika seli. Kuokoa herufi moja katika neno linaloandikwa mara elfu nyingi kuna faida kuliko kuiokoa katika neno adimu.

Mwaka 1969 Mfaransa Georges Perec alitoa riwaya nzima, La Disparition, isiyo na herufi e, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika Kifaransa. Lakini tusichanganye mambo. Perec alichagua, bakteria hachagui. Toleo la njaa liliandikwa na uteuzi wa asili katika vizazi vingi, pale ambapo waliotumia salfa kidogo walizaana kuliko wenzao. Seli ya leo inabadilisha toleo tu, haitungi jipya.

Nilijaribu zoezi hilo kwa Kiswahili: kuandika bila herufi a. "Ninasoma" haiwezekani, maana vitenzi vyetu vya Kibantu huishia na -a. Ikabidi nikimbilie kikanushi na dhamira: "sisomi", "nisome". Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu vikaniokoa: "nimerudi", "nilifikiri". Lakini -na-, -ta- na -ka- zote zilipotea; nikabaki na -li- na -me-. Wakati ujao sikuweza kuusema kwa kitenzi cha kawaida. Ndani ya dakika chache nilijua ni wapi lugha yangu inakubali mbadala, na ni wapi inakataa kabisa.

Ndiyo sababu siuoni tena mfano huo kuwa pambo. Mazel na Marlière walilinganisha matoleo mawili ya maandishi, kama sisi tunavyolinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja. Kilichobadilika kiliwaonyesha kinachoweza kubadilika. Kilichobaki licha ya njaa kiliwaonyesha kinachobeba kazi. Mbinu hiyo tunafundishwa katika kitivo hiki. Tukiacha kusoma mambo ya wenzetu wa sayansi kwa kudhani hayatuhusu, tunajinyima mifano bora ya kazi yetu wenyewe.