Wito wa Toba Katika Nchi ya Inchama

Mhubiri wa mkutano wa nje hapati shida ya watu, iwe Sirari au Mugumu, mkoani Mara. Maspika yakishafungwa na kwaya ikaimba nyimbo tatu, uwanja umejaa: kina mama waliotoka gulioni na mabeseni yao, vijana wa bodaboda, na wazee waliojitenga pembeni, wameegemea fimbo kana kwamba wanapita tu. Wito ukitolewa kwa wanaotaka kukata shauri, watu hupita mbele. Wanaongozwa sala ya toba, majina yanaandikwa kwenye daftari, na mhubiri anarudi mjini na hesabu ya kupendeza. Wasabato nao wana efoti zao, yaani mikutano ya injili, zinazomalizikia mtoni au kwenye kisima cha ubatizo. Mchungaji aliyeachiwa lile daftari ndiye anayejua kuwa wengi wa waliopita mbele bado hawajaulizwa swali lenyewe. Swali hilo huulizwa nyumbani, na ndugu, na kwa kawaida huulizwa Desemba.

Kwa Wakurya wa Tarime, msimu wa esaro, yaani tohara, huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili: 2014, 2016, 2018 na kuendelea. Kila koo ina inchama yake, baraza la siri la wazee wa mila, na ndilo linalosoma dalili na kutamka kama mwaka ni mwema. Shule zikifungwa Desemba, barabara za Tarime hujaa misafara ya kuwarudisha nyumbani waliotahiriwa, jamaa wakicheza mbele yao na silaha mkononi. Kwa wavulana kanisa halina ugomvi mkubwa; Wakristo wengi huwapeleka wana wao hospitali na mambo yakaisha. Kwa wasichana ndipo toba inapodaiwa gharama yake. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, mapadri na wachungaji wanakemea, na hata hivyo mzee wa kanisa anaweza kurudi kutoka ibada ya Jumapili akakuta mama yake, dada zake na mkewe wamekwisha kupanga siku.

Mtu wa mbali atasema huyo mzee ni mnafiki. Mimi nasita kumwita hivyo. Binti yake asipopita kwa ngariba ataitwa omosagane, jina la kumdhalilisha hata akiwa na watoto wake. Mkwe atapunguza ng'ombe wa mahari. Na yeye mwenyewe akisimama kusema kwenye ritongo, mkutano wa wazi wa wanaume wa ukoo, ataulizwa anasema kama nani. Juu ya hayo kuna hofu ya laana, ambayo haiishi kwa sababu mtu ameimba kwaya. Ngariba naye ana ujira wake, na wazee wana fungu lao katika ujira huo, jambo ambalo wahubiri hawalitaji mara kwa mara ingawa kila mtu analijua.

Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi kati ya Wakurya katika miaka ya 1950, alichapisha mwaka 1982 makala akidai kwamba kuifanya imani kuwa kiini cha dini ni jambo la Wakristo hasa, na kwamba si haki kuzipima dini zote kwa kipimo hicho. Nadhani aliona vizuri. Ibada za Wakurya hazikumtaka mtu atamke anachoamini. Zililinda uzima: watu wawe salama, ng'ombe wazae, mvua inyeshe kwa wakati, rika moja likabidhi nafasi kwa jingine bila mkosi. Aliyekuja kusema "amini" hakumkuta mtu mwenye imani nyingine ya kuitupa. Alikuta kazi ambazo lazima zifanywe, na watu waliokabidhiwa kuzifanya. Kwa hiyo wengi waliipokea imani upesi, kwa sababu haikuonekana kugusa zile kazi. Toba ndiyo iliyogusa.

Wamisionari walifika hapa kwa awamu. Mapadri Weupe walikuwa Nyegina, karibu na Musoma, tangu 1911. Wamaryknoll wa Marekani wakapokea kazi hiyo 1946, na Jimbo la Musoma likaundwa 1957. Wamenonite walianzia Shirati mwaka 1934, sehemu ambayo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Tarime hadi Rorya ilipokatwa 2007, na kufikia 1940 walikuwa na kituo Nyabasi, katikati ya Wakurya. Kwa miaka ya mwanzo vituo vilivuta zaidi kwa shule na dawa. Mtu alisoma katekisimu ili apate kusoma, na sioni aibu ndani yake. Wakristo wengi wa sasa ni wajukuu wa watu waliofuata kalamu kwanza.

Kilichobadilisha sauti ya toba ni uamsho uliotokea Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, na kufika Shirati mwaka 1942. Watu walianza kusimama katikati ya ibada na kuungama wazi: aliyeiba, aliyezini, aliyekuwa na kinyongo na jirani. Wamisionari nao waliungama, wakataja kiburi chao mbele ya Waafrika, na hilo pengine liliwashangaza wenyeji kuliko machozi yote. Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, alitoka katika kizazi hicho.

Kusimama mbele ya watu na kueleza kosa hakukuwa jambo geni kwa Mkurya. Ritongo inafanya hivyo siku zote. Ng'ombe akiibwa, watu huitwa, mtuhumiwa husimama, mashahidi husema, na shaka ikibaki watu huapishwa kiapo kinachoogopwa kuliko kifungo. Jambo geni lilikuwa mtu kusimama bila mshitaki. Kwenye ritongo umeletwa. Katika uamsho ulijileta, ukataja kosa ambalo hakuna aliyekudai. Kwa watu waliolelewa wakijua kuwa mwanamume hakiri mpaka ushahidi umemfunga, huo ulikuwa ujasiri wa aina mpya, na wengine waliuona kuwa wazimu.

Wizi wa mifugo ulilifanya jambo hilo kuwa zito zaidi. Kijana aliyeshiriki kuvusha ng'ombe mpakani usiku hakwenda peke yake. Akiokoka leo na kutaka kutengeneza alichoharibu, atarudisha nini, na kwa nani, bila kuwataja wenzake? Na kama wale ng'ombe ni wa koo nyingine, na wamekwisha kutolewa mahari ya kaka yake? Mapigano ya koo za Tarime, kama yale yaliyowashika Wanchari na Warenchoka mwishoni mwa miaka ya 2000 hadi serikali ikaunda Mkoa wa Kipolisi wa Tarime-Rorya, mara nyingi yalichochewa na mifugo na mipaka ya ardhi. Katika hali hiyo toba ya mtu mmoja inaweza kusomwa na ukoo wake kama usaliti, na wapo waliookoka kwa dhati wakaishia kumwachia Mungu hesabu ya ng'ombe.

Ndoa ni mlango mwingine mwembamba. Mwenye wake wanne akitaka ubatizo, kanisa moja litamwambia achague mmoja, jingine litawabatiza wake na watoto na kumwacha yeye nje ya meza ya Bwana. Wazee wameipatia hali hii jibu lao: kusubiri. Huwatuma watoto kanisani, hutoa mbuzi wakati wa mavuno, humkaribisha katekista kwa heshima, na wakiulizwa husema, "Mwanangu, nitakuja, lakini acha kwanza nimalize mambo ya nyumba." Mambo ya nyumba huisha mzee akiwa kitandani, katekista akiitwa mbio kutoa ubatizo wa dharura. Huko Butiama, katika Uzanaki jirani, Mtemi Burito Nyerere alikuwa na wake zaidi ya 20 na alifariki 1942. Mwanawe Kambarage, aliyekuwa amesoma mafundisho miaka kadhaa, alibatizwa Julius Desemba 1943. Vijana wengi wa Mara wa wakati ule walijikuta katika mpangilio wa namna hiyo: imani moyoni mapema, maji baadaye, baba akishatangulia.

Jibu gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni la mwanamke aliyeolewa kwa nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kumwoa binti, ili binti huyo amzalie watoto wa nyumba yake. Makanisa hayaitambui ndoa hiyo. Lakini binti akiitikia wito, akaambiwa atoke, ng'ombe watadaiwa kwao, na huenda walikwisha kutumika kumwolea kaka. Watoto ni wa yule mama mkubwa. Anayemwita atubu anapaswa pia kusema atalala wapi, na ni wahubiri wachache waliofika hapo.

Ukivuka hadi Wilaya ya Serengeti, mambo yanabadilika rangi. Mugumu ina Wakurya wengi, lakini wapo Wangoreme, Wanata, Waisenye na Waikoma, ambao wazee wao wanatunza Machaba, pembe za ndovu zilizo moyo wa ukoo. Mkristo wa Kiikoma anaweza kusali kila Jumapili na asione sababu ya kuzungumza vibaya juu ya Machaba.

Walioitikia kwa vitendo vilivyo wazi kuliko wote katika miaka hii ni wasichana, tena bila kupita mbele kwenye mkutano wowote. Wanatoroka usiku kukwepa kukeketwa. Kituo cha Masanga, Tarime, kinachoendeshwa na watawa wa Kikatoliki, tangu 2008 kimekuwa kikiwapokea wakati wa msimu na kuwapa mafunzo yanayochukua nafasi ya kisu. Nyumba Salama ya Mugumu ilifunguliwa 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, ikiongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto, na msimu wa kwanza tu iliwapokea zaidi ya wasichana 100. Msimu ukiisha, wazazi huitwa. Wanakaa na wahudumu, polisi na maofisa wa ustawi wa jamii, na wanaokubali huweka saini au dole gumba kwenye karatasi ya ahadi kwamba binti hatakeketwa, kisha anarudi nao nyumbani na kufuatiliwa. Baba wengine hutia saini wakiwa wamenuna. Wengine hawaji kabisa, na binti zao hubaki pale, wakisoma sekondari za Mugumu au wakijifunza cherehani.